Kipaza Sauti cha Mjomba Ulysse

Mjomba Ulysse Gaudet ameendesha gari la kukwangua theluji la mji wetu wa Pointe-Gaudreau kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya maneno sita mfululizo. Ukimsalimu anaitikia. Ukimuuliza hali ya barabara anasema, "Inapitika," au, "Haipitiki." Kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa, na padri akimaliza tu baraka, Ulysse tayari yuko nje anawasha gari. Mama yangu, ambaye ni binamu yake, husema Ulysse alizaliwa na maneno machache na anaogopa kuyamaliza.

Mimi naitwa Mireille Doiron. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kwa Mama nikiwa na miaka arobaini na moja, masanduku mawili na paka. Kampuni niliyoifanyia kazi miaka tisa kule jijini Moncton ilituaga watu arobaini kwa simu ya video iliyochukua dakika sita. Kazi yangu ilikuwa kuwahamishia watu mambo yao kwenye wingu. Maduka, kliniki, viwanda vya samaki, wote walitaka kuachana na kompyuta zilizojaa vumbi chumba cha nyuma, wakodishe nafasi kwenye mitambo mikubwa iliyoko mbali ambayo hawataiona maishani mwao. Niliwahamisha wengi sana, na mwishowe na mimi nikahamishwa.

Mama alinivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akasimama mlangoni pa chumba changu saa nne asubuhi, mikono kiunoni.

"We Mireille, hiyo blanketi imeota mizizi?"

Basi nikatengeneza programu ya simu. Haikuwa jambo kubwa. Kwetu theluji ikianguka, swali la kila mtu ni moja tu: gari la kukwangua liko wapi? Programu yangu ilionyesha ramani ya mji na kidoti cha rangi ya chungwa, na kidoti hicho kilikuwa Mjomba Ulysse. Nikaiita Gratte, kwa kuwa ndivyo tunavyoliita gari lenyewe. Halmashauri ikakubali kuijaribu kwa msimu mmoja, na mwezi wa tatu wangeamua kama wanaichukua au wanaitupa.

Kwa kisirani tu, nilikataa kuiweka kwenye wingu. Niliiweka kwenye kompyuta yangu kuukuu chini ya ngazi za Mama, katikati ya chupa zake za viazisukari vyekundu vilivyolowekwa kwenye siki. Watu mia mbili na kumi na wawili waliipakua. Nusu yao walikuwa ndugu zangu.

Mjomba Ulysse aliitazama simu niliyoibandika mbele ya usukani wake kama mtu aliyewekewa konokono kwenye sahani.

"Hii inanisikiliza?"

"Hapana, Mjomba. Inasema tu uko wapi."

"Niko barabarani."

"Watu hawajui ni barabara ipi."

"Wangoje. Nitafika."

Hapo alikuwa ameshamaliza akiba yake ya siku nzima, akafunga mlango wa gari.

Mwezi wa kwanza nikaiongezea programu kitu kimoja. Niliona kama dereva atakwama au ataumia, ni vizuri abonyeze kitufe nimsikie. Nikaandika usiku na mchana siku mbili, nikaituma, nikaridhika. Ila mistari miwili niliikosea. Kuanzia Jumatatu ile, kipaza sauti cha simu ya Ulysse kilikuwa wazi muda wote, kwa kila mtu aliyekuwa na programu.

Jumanne asubuhi nilimkuta Mama jikoni, simu ameiegemeza kwenye bakuli la sukari, machozi yanamtiririka kwa kucheka. Kwenye simu alikuwa anaongea mwanamume.

"Théophile, bwana wee, hili gari umeliegesha au umelitelekeza? Tazama lilivyokaa, kama ng'ombe aliyekataa kurudi zizini. Nikikufukia hapa utasema Ulysse ana roho mbaya. Sawa. Nina roho mbaya. Leo nitakuzunguka, kesho nakufukia."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ulysse!" Mama akajifuta macho kwa aproni. "Haki ya Mungu, ni Ulysse! Nyamaza nisikie."

Sauti ikashuka, ikawa ya upole. "Haya, Germaine, mama yangu, panda kilima hiki taratibu, nikupeleke ukanywe mafuta." Germaine ni gari. Kisha akaanza kuimba, wimbo wa zamani wa wavuna viazi, kwa sauti nene iliyotulia ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote hiyo.

Nilijua papo hapo kosa liko wapi. Kulirekebisha kulitaka dakika moja. Nikaketi, nikafungua kompyuta, na nikaona idadi ya wanaosikiliza: mia tatu na arobaini, wengine wameipakua asubuhi ile ile. Mji wetu una watu elfu moja na mia moja. Mkono wangu ukabaki juu ya meza.

"Mwambie basi," Mama akasema, akiwa bado anacheka.

"Nitamwambia kesho."

Kesho yake walikuwa mia tisa.

Kuna mtu, sijajua nani mpaka leo, alikata kipande cha Ulysse akiligombeza rundo la theluji lililoporomoka barabarani mara tatu, akakitupa mtandaoni. Kufikia Jumamosi kilikuwa kimesambaa mpaka Louisiana, mpaka Brittany ng'ambo ya bahari, na muuguzi mmoja wa Osaka akaandika kwamba anamsikiliza kwenye treni akienda kazini, haelewi hata neno moja, lakini anafika akiwa ametulia. Kwa kweli nilielewa. Siku hizi mtandao umejaa watu wanaojipodoa kwanza ndipo waseme habari za asubuhi, na nyuso nyingine hata si za watu, mashine imezichora. Halafu hapa kuna mzee anayezungumza na gari lake, bila kutaka chochote kwa mtu. Wiki ya tatu tulikuwa na wasikilizaji elfu thelathini na nane. Nilikuwa naamka kabla ya Mama, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Moncton, na kila siku kulikuwa na sababu mpya ya kusema kesho.

Mwanamke mmoja wa kampuni ya matangazo ya Toronto, Kendra Whitcombe, akanipigia. Walitaka kuinunua programu nzima. Mtengenezaji wa viatu vya baridi alikuwa tayari kuweka jina lake pale.

"Itabidi nizungumze na Mjomba," nikasema.

"Usimwambie mambo mengi," Kendra akasema, kwa sauti tamu. "Akijua anasikilizwa ataharibika."

Maneno yale hayakunipendeza. Lakini sikukataa. Nilisema nitafikiria.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Alhamisi ya wiki ya pili, Ulysse alifika kwa Alphonsine Thériault, mama wa posta, mjane wa miaka saba sasa. Alikuwa anakwangua mbele ya nyumba yake, na sote tukamsikia.

"Taa ya jikoni inawaka. Anakunywa kahawa. Anaweka maziwa mengi, nimemwona pale posta. Alphonsine, unajua wewe ndiye wa kwanza kila siku? Ratiba inasema nianzie hospitali ya wazee. Naanzia kwako, halafu nakimbia. Miaka saba nakimbia. Laiti ningeongea nje kama ninavyoongea humu ndani." Tukasikia akibadilisha gia. "Haya, Germaine, twende. Tutamwambia msimu ujao."

Tangu siku ile hakuna aliyeweza kununua stempu pale posta bila kutabasamu. Alphonsine aligonga mihuri yake kwa uso mkavu kama ubao. Na Ulysse hakuambiwa na mtu. Mji ambao haujawahi kutunza siri hata saa mbili uliitunza hiyo kwa wiki nzima, maana kila mtu aliogopa kwamba sauti ile itazimika.

Halafu ikaja Ijumaa ya dhoruba.

Ilianza alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi sikuweza kuona nyumba ya jirani. Dunia nzima, kama naweza kusema hivyo, ilikuja kumsikiliza Ulysse akipambana nayo. Elfu hamsini. Elfu sitini. Chini ya ngazi kompyuta yangu ikaanza kulia kama birika. Mama akafungua dirisha ili ipoe, theluji ikaingia mpaka kwenye chupa za siki.

Saa tatu na dakika arobaini ramani ikaganda. Kidoti cha chungwa kikasimama, kisha kikapotea. Simu ya mezani ya Mama ikalia muda huohuo. Alikuwa Régis, mume wa Nadine wa duka la mikate. Nadine alikuwa ameshikwa na uchungu wiki mbili kabla ya wakati. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika njia panda ya barabara kuu na haliwezi kupenya, na dereva wake alitaka kujua gari la Ulysse liko upande gani, alifuate.

"Programu yako imekufa!" Régis alipiga kelele mpaka nikamsikia nikiwa chini ya ngazi. "Mireille, yuko wapi huyo mtu? Nikimpigia simu haiingii!"

"Ninaihamishia kwenye wingu," nikajibu, vidole vikikimbia. "Dakika ishirini tu."

"Wingu gani tena?" Mama akasema. "Lililoko nje halitutoshi?"

"Mama, ni wasikilizaji. Wamejaa, mashine haiwezi kuwabeba."

"Wasikilizaji wa sauti?"

"Ndiyo."

"Si uizime sauti?"

Niliendelea kuandika. Nakumbuka vizuri kwamba niliendelea kuandika, kwa sababu ni jambo ninalolionea haya mpaka leo. Elfu sitini walikuwa wanasikiliza, na nikizima watatawanyika, na huenda wasirudi.

Mama akainama chini ya ngazi, yeye na magoti yake mabovu, uso wake ukawa karibu na wangu.

"Mireille. Nadine anazaa."

Nikaizima. Ilichukua sekunde tatu. Kompyuta ikashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na kidoti cha chungwa kikarudi kwenye ramani, barabara ya kanisa, kikienda kaskazini. Nikampigia Ulysse, na sauti ikiwa imezimwa simu yake ikaingia.

"Mjomba, geuka. Gari la wagonjwa liko njia panda, linakusubiri. Nadine."

"Nageuka," akasema.

Mimi na Mama tuliitazama ramani tukiwa tumekaa sakafuni. Kidoti kilishuka mpaka njia panda, kikasimama, kikapanda tena polepole, kikapita posta, kikapita kanisa, mpaka kwa Régis, kisha kikageuka na kushika njia ndefu ya hospitali. Mtoto hakungoja. Alizaliwa nyuma ya gari la wagonjwa, mita thelathini nyuma ya Germaine, msichana wa kilo tatu mwenye kelele. Régis alipotupigia alikuwa analia na kucheka kwa mpigo.

Mchana ule, dhoruba ilipopungua, nilimalizia kazi ya kuihamishia ramani kwenye wingu. Sauti sikuirudisha. Saa kumi Ulysse alikuja kunywa chai, akavua kofia, theluji ikadondoka kwenye zulia la Mama.

"Régis ananishukuru," akasema. "Kwa nyimbo za wiki zote hizi." Akanitazama. "Nyimbo gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mistari miwili, jinsi nilivyojua tangu siku ya pili, kesho zangu zote kumi na saba, na yule mwanamke wa Toronto. Nilipofika kwenye habari ya Alphonsine alinyanyua mkono.

"Na hilo walisikia?"

"Walisikia, Mjomba."

"Na yeye?"

"Sijui. Nadhani."

Alivaa kofia yake. Chai aliiacha bila kuigusa. Mama akamfuata mpaka mlangoni akimwita, Ulysse, Ulysse wee, naye akaenda bila kugeuka.

Siku mbili alikwangua barabara akiwa ameitupa simu kwenye kisanduku cha gari. Ujumbe ulinifurikia. Yuko wapi? Anaumwa? Mrudishe. Kendra alipiga mara nne. Ya nne nikapokea, nikamwambia hapana, na aliponiuliza kwa nini nikamwambia kwa sababu ni mjomba wangu. Nadhani alikuwa bado anangoja sababu yenyewe nilipokata simu.

Jumatatu nikamwendea Ulysse kwenye karakana ya halmashauri. Alikuwa amelala chini ya Germaine, viatu tu ndivyo vinaonekana. Nikaongea na viatu.

"Mjomba, kila ulichosema kimehifadhiwa. Saa sitini na moja. Nimekuja na kompyuta. Nataka uzifute mwenyewe, kwa mkono wako."

Viatu vikatulia. Kisha akatoka, mikono myeusi kwa mafuta, akajifuta kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Nikamwonyesha. Akabonyeza. Nikamwonyesha na nakala ya pili, iliyobebwa kwenye wingu pamoja na ramani, akaibonyeza na hiyo.

"Zimeisha?"

"Za kwangu zimeisha. Zile walizokata watu wakazisambaza, hizo siwezi kuzirudisha. Sitakudanganya."

Alitikisa kichwa taratibu. Akakunja kitambaa, akakitia mfukoni.

"Twende kwa Alphonsine," akasema.

"Mimi pia?"

"Wewe ndiye uliyevunja siri. Utasimama pale tuone haya pamoja."

Basi tukasimama barazani kwa Alphonsine Thériault saa sita mchana, mimi na Mjomba, kama watoto waliovunja kioo. Alphonsine akafungua mlango akiwa ameshika mwiko. Ulysse akavua kofia. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Nilisema mambo," akasema hatimaye. "Sikujua yanasikika. Naomba radhi."

"Uliyasema kweli au ulikuwa unalifurahisha gari?"

Masikio ya Ulysse yakawa mekundu. "Kweli."

"Basi radhi ya nini?" Alphonsine akamnyooshea mwiko. "Niliyasikia Alhamisi ile ile, nikiwa na kikombe mkononi. Nikasema, haya, leo atakuja. Nikapika fricot, mchuzi wa kuku na viazi. Hukuja. Ijumaa nikaipasha moto. Jumamosi nikaipasha tena. Jumapili nikakutafuta kanisani, umekimbia kabla ya amina! Ulysse Gaudet, nimetupa kuku mzima kwa ajili yako."

"Sikujua," akasema Ulysse.

"Mji mzima unajua ninavyokunywa kahawa yangu, wewe ndiye hujui kwamba nakungoja?" Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Na wewe, Mireille, ulifanya vibaya sana."

"Najua, Mama Alphonsine."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Haya, ingieni. Panguseni viatu, nyote wawili."

Ndani, Ulysse alikula sahani tatu. Maneno hayakumzidi kumi, lakini Alphonsine alionekana anayafahamu na yale ambayo hayakutoka.

Wiki iliyofuata ni Ulysse mwenyewe aliyekuja kunitafuta. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akazungusha kofia mikononi.

"Yule muuguzi wa Osaka," akasema. "Alisema anatulia?"

"Alisema hivyo."

"Hm." Kofia ikazunguka. "Uniwekee kitufe. Changu. Nikitaka kiwake, nisipotaka kizime. Na taa nyekundu kubwa, niione hata nikiwa na usingizi. Na Alphonsine simtaji."

Nikaweka. Mwanzoni aliongea dakika kumi, kwa aibu, kama mtu anayesoma barua mbele ya darasa. Kendra hakukosea sana, siku za mwanzo Mjomba aliharibika kidogo. Wasikilizaji wakashuka mpaka elfu nne. Lakini siku ya nne gari la Théophile likawa tena katikati ya njia, na Ulysse akasahau aibu yake yote. Wale elfu nne wamebaki mpaka leo, na Théophile amekuwa mtu maarufu. Kuna watu wamemtumia kadi kutoka Ubelgiji.

Mwezi wa tatu halmashauri ikaichukua programu, na miji mingine kumi na mmoja ya pwani ikaomba nayo iwekewe. Kwenye wingu, kuongeza mji mmoja kunanichukua nusu saa. Kuwafundisha madereva ndiyo kazi. Mwezi wa tisa tukawakusanya wote kwenye jengo la zimamoto, watu kumi na mmoja wenye mabega mapana wamekaa kwenye viti vidogo, na mimi nikaeleza ramani na kitufe cha dharura. Kisha Ulysse akasimama. Alizungumza dakika saba bila karatasi, nilihesabu. Aliwaambia taa nyekundu iko wapi na kwa nini ipo, na akanitazama alipofika hapo, nami nikaitikia kwa kichwa.

Dereva mmoja, Bernadette Savoie wa Cap-Lumière, akanyanyua mkono.

"Mimi siwezi kuimba, Bwana Gaudet. Nikiimba mbwa wanalia."

"Unaweza kugombana?" Ulysse akamuuliza.

"Nina miaka thelathini kwenye ndoa."

"Hiyo inatosha," akasema Ulysse, ukumbi wote ukaangua kicheko, na Alphonsine, aliyekuja na Ulysse kutupikia, akaanza kugonga sufuria kwa mwiko kule nyuma akiwaita watu waje wale kabla chakula hakijapoa.